Siku ya Kuhesabu Vitabu Lendulele

Fomu niliyopewa ilikuwa na kurasa mbili na maswali kumi na tisa, lakini lenye uzito lilikuwa swali la nne: vitabu vingapi vimeonekana kwa macho ya mkaguzi? Kila kijiji nilichotumwa kukagua kilikuwa kimepewa sanduku lenye vitabu mia moja na themanini vya watoto. Kijiji ambacho mkaguzi angekuta vitabu pungufu ya tisini kingenyang'anywa sanduku, likapelekwa kwingine. Vijiji vilivyokuwa vikisubiri vilikuwa kumi na vitatu, kwa hiyo sheria hiyo haikuwa ya uonevu. Hata mimi niliikubali ilipopitishwa.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 1998. Mvua kubwa zilizopita zilikuwa zimekata barabara nyingi kuzunguka Mlima Meru. Mimi si mwalimu, wala sikusomea kazi ya maktaba. Nilijifunza kujalidi vitabu kwa kutazama wenzangu, katika chumba cha nyuma cha kiwanda kidogo cha uchapaji pale Levolosi, mjini Arusha, na mradi wa maktaba za watoto ulinichukua kwanza nikashone vitabu vilivyochanika. Baadaye wakaona naandika polepole na sifuti sana, wakanipa na kazi ya ukaguzi.

Lendulele kilikuwa kijiji cha tano katika safari ile. Bwana Arnold, mkubwa wangu, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiendesha gari, alinishusha njia panda saa tatu asubuhi. Alisema atanipitia saa kumi kamili.

"Saa kumi, Melkizedeki. Si na robo. Lile korongo silivuki gizani."

Maktaba ilikuwa ndani ya ghala la zamani la chama cha ushirika. Enzi zile wakulima wa upande huu wa mlima walileta pareto hapo, maua makavu yaliyoshindiliwa kwenye magunia. Siku hizi wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka mashambani, wakanunua maharage, wakaondoka, na ghala likabaki tupu mpaka kijiji kilipoamua kuweka humo vitabu. Ndani kulikuwa kukavu, na sakafu ilikuwa imefagiliwa asubuhi hiyo. Alama za ufagio zilionekana.

Mtunza maktaba aliitwa Nalepo. Alikuwa mama wa miaka thelathini hivi, Mwarusha, mwembamba, amevaa sketi nyeusi iliyopigwa pasi na shanga nyeupe shingoni. Katika ripoti ya mwanzo niliyosoma ofisini iliandikwa kwamba kijiji kilipoulizwa nani atashika kazi ile ya kujitolea, wanaume watatu walitaja majina ya watu wengine, naye akasimama akataja lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Habari za hapa?"

"Nzuri," alisema, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama rafu.

Zilikuwa rafu tatu za mbao, zimefutwa vumbi, na karibu zote zilikuwa tupu. Vitabu vilivyobaki vilikuwa vimeegemeana pembeni. Nikavihesabu, nikamaliza upesi, nikarudia kuanzia upande wa pili. Ishirini na vitatu.

Sikuandika kitu. Nimejifunza kwamba namba ukishaiandika huwa ngumu kuiondoa, hata pale unapogundua kwamba hukuwa umeielewa.

"Vingine viko wapi, mama?"

"Viko nje. Vimeazimwa." Akanisogezea daftari kubwa. "Jumapili nilitangaza kanisani. Nikasema, Ijumaa mkaguzi wa vitabu anakuja kuhesabu, kila aliye na kitabu akirudishe. Hakuna aliyerudisha. Hata mmoja! Halafu Jumatatu wakaanza kuja kuazima. Jumanne wakaja wengi zaidi. Watoto ambao sijawahi kuwaona hapa, wengine wametumwa na bibi zao. Nikafurahi. Nikasema, leo kijiji kimeamka." Akazitazama rafu tena. "Jana ndiyo nikaanza kuogopa."

Nikafungua daftari. Kila mstari ulikuwa na jina la kitabu, jina la mtoto, jina la boma na tarehe, kwa mwandiko uliosimama wima. Nilichukua kalamu na karatasi yangu nikajumlisha. Vilivyo nje vilikuwa mia moja hamsini na vinne. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa kimoja, VILIVYOKUFA, na chini yake mistari mitatu: kimoja kilianguka motoni, kimoja kilichukuliwa na maji ya mvua, kimoja kililiwa na mbuzi wa Sumari. Ishirini na vitatu, na mia moja hamsini na vinne, na vitatu. Jumla yake ilikuwa mia moja na themanini bila kuzidi wala kupungua. Katika vijiji vinne nilivyotangulia kupita, hakuna daftari lililokuwa limekubali hesabu namna ile.

Nikamwambia hivyo. Hakutabasamu.

"Fomu inasemaje?" aliuliza.

Nikamsomea swali la nne.

"Tisini."

"Naam. Chini ya hapo, sanduku linaondoka."

"Leo?"

"Leo. Gari linakuja saa kumi."

Akatazama chini, kisha akainua uso. Nilikuwa na fikra, nami nikaisema, ingawa mpaka sasa sina hakika kama nilifanya vema. Nilimwambia kwamba daftari lake lilikuwa ushahidi wa kutosha kwa mtu mwenye akili, na kwamba ningeweza kuandika hesabu ya daftari kwenye nafasi ya swali la nne.

"Swali linasema vilivyoonekana kwa macho," alisema Nalepo.

"Ndivyo linavyosema."

"Umeviona?"

"Sijaviona."

"Basi usiandike." Akachukua kanga yake kwenye msumari. "Twende ukavione."

Boma la kwanza lilikuwa umbali wa dakika kumi, kupita shamba la mahindi yaliyovunwa. Bibi mmoja alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Alinitazama viatu, akatazama mkoba wangu, akaendelea na maharage yake.

"Kitabu?" alisema Nalepo alipomweleza. "Hapa? Hapa kuna mbuzi na mimi."

"Bibi, mjukuu wako Joyce alichukua kitabu Jumanne. Nimemwandika mwenyewe."

"Joyce yuko shule. Mimi kitabu sikijui. Hata kikipita hapa sikijui."

"Kina picha ya fisi juu."

"Fisi!" Bibi akacheka mpaka maharage yakamwagika kwenye kanga. "Nimlaze fisi nyumbani kwangu mwenyewe?"

Boma la pili walisema hawajawahi kusikia neno maktaba. La tatu hapakuonekana mtu, isipokuwa mlango ulifungwa haraka tulipokaribia. Nalepo alisimama njiani, mikono kiunoni.

"Wanaficha," alisema. "Wanavificha wewe usivione. Najua nani amewaambia."

Mwenyekiti wa kamati ya maktaba alikuwa mzee Lemburis. Tulimkuta kwenye zizi lake akitazama kwato ya ndama. Alikuwa mrefu, amejifunga rubega nyekundu na koti kuukuu la suti juu yake, na alitupokea kwa furaha kubwa kama mtu aliyefanya jambo jema na anangoja kuulizwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mkaguzi! Umeona? Umekuta vingapi?"

"Ishirini na vitatu."

"Bado vimekuwa vingi," alisema, akamgeukia Nalepo kwa lawama. "Nilisema viachwe kumi."

Nalepo alivuta pumzi. "Mzee. Ni wewe uliyewaambia watu wasirudishe?"

"Nani mwingine? Kijiji hiki kina nani mwingine mwenye kumbukumbu?" Akaegemea fimbo yake, akaniambia mimi, kwa sauti ya mtu anayeelimisha. "Bwana mkaguzi, wewe ni mtu mzuri, naona usoni. Lakini umetumwa. Sisi tulishawahi kuhesabiwa. Walikuja watu na karatasi kama hiyo yako, wakasema tunahesabu ng'ombe tu, hakuna ubaya. Aliyeonyesha ng'ombe wake wote akaambiwa anao wengi mno, apunguze. Aliyepeleka wake mlimani kwa shemeji, akabaki na kumi hapa nyumbani, akaambiwa, pole mzee, wewe ni maskini. Na ng'ombe wake wakarudi jioni wakiwa wazima. Sasa mama huyu anasimama kanisani anatangaza, mkaguzi anakuja kuhesabu! Nikashika kichwa. Nikapita boma kwa boma siku mbili kwa miguu hii, nikiwaambia wasirudishe, na vilivyobaki wakaviazime wavifiche. Nimeiokoa maktaba yake, na sijaambiwa hata asante."

"Umeiua," alisema Nalepo.

"Nini?"

"Huyu anahesabu vinginevyo, mzee. Aliye na vingi anaachiwa. Aliye na vichache ndiye anayenyang'anywa."

Mzee Lemburis alinitazama, nikamkubalia kwa kichwa. Alilitafakari jambo hilo muda mrefu, na ndama akaondoka.

"Aliye na vingi anaachiwa?"

"Tena anaongezewa," nilisema. "Mwezi wa kumi na moja kuna vitabu vipya."

"Hiyo ni serikali gani?"

"Si serikali, mzee. Ni mradi."

"Aa." Akakaa juu ya jiwe. "Sasa mbona hamkusema tangu mwanzo kwamba nyinyi ni watu wa kinyume?"

Nalepo hakucheka, nami nikajizuia. Ilikuwa inakaribia saa sita. Kutoka tisini ukitoa ishirini na vitatu, tulihitaji vitabu sitini na saba ndani ya saa nne, kutoka maboma ambayo yalikuwa yamekula kiapo cha kutovijua.

"Wewe ndiye uliyewaambia," Nalepo alisema, "na wewe ndiye utakayewaambia tena. Mimi hawatanisikia. Waambie walete vikahesabiwe."

"Wakisikia kuhesabiwa hawataleta," alisema mzee. Sasa sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa na majigambo. "Tena watakuja watoto, na vitabu mikononi. Huyu bwana atasimama anyooshe kidole: mmoja, wawili, watatu? Watoto wa watu? Hata mimi sitakubali. Nyinyi watu wa Machame, maana lafudhi yako nimeijua, mnahesabu mpaka ndizi zikiwa bado mgombani, lakini hapa mtoto hanyooshewi kidole, wala ng'ombe."

Hapo nilikubali kwamba sikuwa nimefikiria jambo hilo kabisa. Nilimwuliza: jioni, ng'ombe wanaporudi, anajuaje kwamba wote wameingia?

"Nasimama mlangoni pa zizi. Wanapita mmoja mmoja. Namwona yule mwekundu mwenye doa, yule wa pembe moja, yule wa mama mkwe. Asiyepita, namjua kwa kutopita."

"Basi tufanye hivyo," nilisema. "Kila mtoto apite mlango wa ghala na kitabu chake, akitaje. Mimi nitaandika majina ya vitabu. Sitanyoosha kidole wala sitataja namba."

"Na namba ya fomu yako?"

"Nitaijua kwenye karatasi, baada ya watu kwenda nyumbani."

Mzee Lemburis akasimama, akajipangusa, akachukua fimbo. Tayari alikuwa ameshaanza kuona kwamba wazo lile lilikuwa lake. "Nitaanzia shuleni," alisema. "Halafu maboma ya juu. Na bibi yake Joyce, namjua, mwachieni mimi."

Tukarudi ghalani. Nalepo akaweka meza ndogo mlangoni, akanipa kiti, yeye akasimama. Nikatoa karatasi zangu zenye mistari, ishirini na mitano kila ukurasa, na hapo juu sikuandika chochote.

Saa saba hapakuja mtu. Saa saba na nusu alikuja mama mmoja mwenye kitabu kimefungwa ndani ya kanga pamoja na sukari, akatazama huku na huku kabla ya kukitoa. Saa nane shule ilipotoka wakaanza kuja watoto. Waliinamisha vichwa kusalimia, Nalepo akawagusa utosini kila mmoja, kisha wakasema, wakimwita yeyo, yaani mama.

"Hiki ni cha kobe aliyeogopa mvua, yeyo."

"Pita."

"Hiki ni cha mama aliyejenga daraja. Hiki nimekisoma mara mbili. Hapa katikati panachosha."

"Mwambie na baba mkaguzi aandike kwamba panachosha. Pita."

Niliandika. Kilikuwa kitabu nilichokijua, na katikati panachosha kweli.

Kadiri walivyopita ndivyo nilivyopata nafasi ya kuvishika vitabu vyenyewe. Vilikuwa vimechakaa. Kingo zake zilikuwa na weusi wa vidole, na vingi vilikuwa vimefunguliwa mpaka mgongo umelegea. Fomu ilikuwa na swali la kumi na moja, vitabu vilivyochakaa, na kila kimoja kilipunguza alama. Lakini nikaona pia kwamba migongo iliyokuwa imelegea ilikuwa imeshonwa upya, kwa uzi mweupe mgumu uliopita katika matundu madogo yaliyopangika sawasawa, mbele, nyuma, na kurudi. Nikageuza kimoja, nikavuta. Hakikulegea.

"Nani anashona?"

"Sisi akina mama, Jumatano," alisema Nalepo. "Ni uzi wa shanga. Kwa nini? Ni vibaya?"

Nimejalidi vitabu miaka kumi na saba. Nilimwambia kwamba mshono ule ulikuwa bora kuliko wangu, kwa sababu ulikuwa bora, na kwamba ningeomba Jumatano moja nije nijifunze. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza siku ile alicheka, akafunika mdomo, akaendelea na kazi. Kwenye swali la kumi na moja niliandika: vimechakaa kwa kusomwa, vimeshonwa vizuri. Hapakuwa na nafasi ya kutosha, nikaandika pembeni.

Kufika saa tisa na nusu nilikuwa nimejaza ukurasa mmoja na mistari kumi na sita ya wa pili. Nilijua maana yake. Nalepo naye alikuwa ametazama nilipogeuza karatasi, na akili ya kujumlisha alikuwa nayo. Mstari wa watoto ukakatika. Dakika kumi zikapita bila mtu, kisha ishirini.

Saa kumi kamili honi ikalia njia panda. Bwana Arnold alipoona siji, alipanda na gari mpaka ghalani, akateremka akipiga saa yake kwa kidole.

"Melki, tumekubaliana nini? Vimefika vingapi?"

"Bado naandika."

"Nakuuliza ni vingapi."

"Hapa hatusemi."

"Hamsemi nini?" Akazitazama rafu, akatazama sanduku tupu la mbao lililokuwa pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa saa. "Kama havitoshi, havitoshi. Tupakie, twende. Kuna kijiji kinaomba tangu mwaka juzi."

Nalepo alisimama katikati ya mlango. Hakupaza sauti.

"Shikamoo, baba. Maboma ya juu bado hayajashuka. Ni mwendo wa saa moja kwa mtoto. Kama unataka kuondoka na sanduku, liko pale. Lakini mkaguzi wako hajamaliza kuandika, na mimi sijafunga mlango."

Arnold alinitazama. Nilikuwa na kalamu mkononi, sikuinuka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu tufahamiane kwamba sikuinuka aliponiita.

Wakati huo tukasikia sauti zikishuka. Mzee Lemburis alikuwa mbele, koti begani, na nyuma yake njia nzima ilijaa: watoto wa maboma ya juu, wasichana wenye wadogo zao mgongoni, kina mama, na yule bibi wa maharage akiwa amekikumbatia kitabu cha fisi kama mtoto wake. Walikuwa wameshaambiwa utaratibu. Walijipanga wenyewe, mstari mmoja, wakanyamaza.

"Cha mtoto aliyemfundisha babu yake kuandika."

"Pita."

"Cha nyota. Kina ukurasa umepotea, lakini sisi tunajua ulisema nini."

"Pita, halafu utauandika."

Nikageuza ukurasa wa tatu. Mstari wa kumi na saba ulikuwa wa mvulana mdogo mwenye kitabu cha nyuki. Nilipouandika niliinua kalamu kidogo: tulikuwa tumefika. Nalepo aliona.

"Baba, endelea," alisema, macho yake yakiwa kwa mtoto aliyefuata. "Sijakuuliza kitu."

Nikaendelea. Ukurasa wa nne ukajaa, na wa tano. Mzee Lemburis, ambaye hajui kusoma, alipita mlangoni na kitabu alichokitoa ndani ya rubega, chenye jalada jekundu na ng'ombe mweusi, akasema hiki ni cha ng'ombe mweusi mwenye nyota usoni, mjukuu wangu Lesian hunisomea, na mwandishi wake hajui ng'ombe lakini anajitahidi. Arnold alikuwa ameegemea gari lake. Baada ya muda aliliacha, akaja kusimama nyuma yangu, na mtoto aliyekuwa na kitabu cha treni alipokitaja, nilimsikia akirudia jina hilo kwa sauti ya chini.

Walipokwisha nilijumlisha pembeni, nikiwa nimewapa mgongo. Mia moja arobaini na vinane kwa mlango, ishirini na vitatu rafuni. Nikaandika mia moja sabini na moja kwenye swali la nne, kwa tarakimu na kwa maneno, nikampa Bwana Arnold asome. Alisoma, akarudia kusoma.

"Sanduku linabaki," alimwambia Nalepo.

"Najua," alijibu.

Nilidhani atakaa. Alikuwa amesimama tangu asubuhi. Badala yake alifungua daftari lake kubwa, akanyoosha mkono kuelekea watoto waliojaa uani.

"Wanaorudisha, upande huu! Wanaoazima, upande ule! Msisukumane. Leo ni Ijumaa, na Ijumaa tunafungua mpaka saa kumi na moja."

Mistari miwili ikajipanga mbele ya meza. Nilikuwa na fomu mkononi, na ilibaki sahihi yake tu. Nikamsogelea pembeni nikamnong'oneza kwamba naomba aweke sahihi, gari linangoja.

"Subiri kidogo, baba," alisema bila kuinua uso, akiandika jina la mtoto kwa mwandiko wake uliosimama wima. "Kuna watu mbele yako."

Bwana Arnold akatazama saa yake, kisha akaushusha mkono. Nikaenda nyuma ya mstari, nyuma ya msichana mmoja mwenye kitabu cha kobe, nikasimama.